Ce, cet, cette, ces: kusema "hiki" na "kile" kwa Kifaransa

Mtu aliyekulia katika Kiswahili akianza kujifunza Kifaransa huwa tayari na akiba ambayo wanafunzi wengine wengi huitolea jasho. Anajua kwamba neno la kuonesha halijitawali, linafuata nomino. Hasemi "kitabu hii" wala "mawe hiki". Tangu utotoni ulimi wake umezoea kuwa kitabu ni hiki na vitabu ni hivi, jiwe ni hili na mawe ni haya. Akiambiwa kuwa Kifaransa kina vivumishi vioneshi vinne tu, na kwamba nomino ndiyo inayochagua kipi kitumike, hana sababu ya kushtuka. Vinne ni vichache mno kwa mtu aliyezoea ngeli.

Ugumu unatokea kwingine. Vioneshi vya Kiswahili hubeba umbali. Hiki kiko karibu nami, hicho kiko karibu nawe au tumekwisha kukitaja, kile kiko mbali nasi sote. Hatuwezi kuonesha kitu bila kwanza kuamua kiko wapi. Kifaransa hakiulizi swali hilo. "Ce livre" chaweza kuwa kitabu hiki, kitabu hicho au kitabu kile. Kinachoulizwa ni mambo mengine matatu: kitu ni kimoja au ni vingi, nomino yake ni ya kiume au ya kike, na neno linalofuata linaanza kwa sauti gani. Anayeendelea kutafuta umbali kila anapotaka kusema "hiki" au "kile" hukwama katikati ya sentensi. Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia kwa mifano: anza na nomino, malizia na umbali, na mara nyingi huo umbali uache kabisa.

Haya si ya darasani tu. Kifaransa ni lugha rasmi ya jirani zetu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Komoro, na Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Dereva anayetoa mzigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Tunduma, akaivuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, na hapo karatasi na maswali huwa kwa Kifaransa. Waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar hukutana na Wafaransa na Wabelgiji. Yupo pia anayejiandaa kwa DELF, mtihani wa kupima Kifaransa, ambao sehemu yake ya kuandika haisamehi kuchanganya maneno manne yanayosikika karibu sawa.

Maneno manne na kanuni yake

Nomino za kiume zinazoanza kwa konsonanti hutanguliwa na "ce": "ce livre" (kitabu), "ce camion" (lori), "ce village" (kijiji). Nomino za kiume zinazoanza kwa irabu, au kwa "h" ambayo Wafaransa huihesabu kana kwamba haipo, hutanguliwa na "cet": "cet arbre" (mti), "cet avion" (ndege), "cet argent" (fedha), "cet homme" (mwanamume), "cet hôpital" (hospitali). Nomino za kike zote, zianze kwa sauti yoyote ile, huchukua "cette": "cette maison" (nyumba), "cette route" (barabara), "cette école" (shule), "cette huile" (mafuta ya kula). Ikifika kwenye wingi, jinsia hupumzika: "ces" hutumika kwa kila nomino, "ces livres", "ces arbres", "ces écoles".

Kioneshi hukaa mbele ya nomino, na kikishakaa hapo kinachukua nafasi ya "le", "la" au "les". Havikai pamoja. Hakuna "le ce livre". Kwa sababu hiyo, njia rahisi kuliko zote ni kukumbuka nomino husemwaje na "le" au "la", kisha kubadilisha. Palipo na "le" weka "ce": "le marché", "ce marché". Palipo na "la" weka "cette": "la chaise", "cette chaise". Palipo na "les" weka "ces". Ukikuta "l'" yenye ritifaa ndipo usimame uulize jinsia: "l'hôtel" ni ya kiume, hivyo "cet hôtel"; "l'heure" ni ya kike, hivyo "cette heure".

Kanuni hiyo inakuokoa pia kwenye mtego wa "h". Kifaransa hakitamki "h" yoyote, lakini ziko "h" zinazozuia maneno kuungana. Wafaransa husema "le héros" (shujaa), si "l'héros". Basi ni "ce héros". Vivyo hivyo "ce haricot" (haragwe), "ce homard" (kamba mkubwa wa baharini), "ce hibou" (bundi), "ce handicap" (ulemavu). Kamusi nyingi huyatia maneno haya alama ndogo, kinyota mbele ya neno au alama kwenye sehemu ya matamshi, na inafaa kuitafuta. Ajabu ni kwamba shujaa wa kike hana kizuizi hicho: ni "le héros" lakini "l'héroïne". Katika wingi, ukisahau na kuunganisha "ces" na "héros" kwa sauti ya "z", wasikilizaji watasikia "ces zéros", yaani hizi sifuri. Kizuizi kama hicho kiko pia kwenye "onze" (kumi na moja), "oui" na "yaourt" (mtindi): "ce onze novembre", "ce oui", "ce yaourt".

Jambo moja linawapita hata wanafunzi wa miaka kadhaa. Kinachochagua kati ya "ce" na "cet" si nomino yenyewe. Ni neno linalofuata papo hapo, hata kama ni kivumishi. Mti ni "cet arbre", lakini mti mzee ni "ce vieil arbre", kwa sababu sasa "ce" imekutana na "v". Lori ni "ce camion", lakini lori kubwa mno ni "cet énorme camion". Waziri ni "ce ministre", aliyekuwa waziri ni "cet ancien ministre". Jinsia inatoka kwenye nomino, sauti inatoka kwa jirani.

Chukua mfano wa mpakani. Ofisa wa forodha anamwuliza dereva: "Ce camion est à vous ?" Dereva anajibu: "Oui monsieur, ce camion et cette remorque." Ofisa ananyoosha kidole upande wa pili: "Et cet autre camion ?" "Non monsieur, cet autre camion est à un collègue." Lori ni lile lile la kiume, lakini "autre" ilipoingia mbele, "ce" ikawa "cet". Tazama pia kwamba dereva amesema "ce camion et cette remorque", akirudia kioneshi kwa kila nomino. Kiswahili kingeridhika na "lori na tela hili" au "hivi viwili". Kifaransa kinataka kila nomino iwe na neno lake.

Sikio linaposaidia na linapodanganya

Matamshi yanastahili muda mwingi kuliko ule ambao vitabu vingi huyapa. "Ces" hutamkwa kama "se" ya "sema". "Cet" na "cette" hutamkwa sawasawa kabisa, "set", na "t" ya mwisho inasikika. "Ce" ndiyo ngumu: ni "s" ikifuatiwa na irabu fupi, hafifu, midomo ikiwa imekusanywa kidogo, irabu ambayo Kiswahili hakina. Mfaransa akizungumza haraka huimeza kabisa, na "ce matin" husikika kama "smatẽ".

Msemaji wa Kiswahili huielekea "ce" na kuisoma "se". Kwake ni kosa dogo. Kwa Mfaransa amebadilisha idadi. Kumbuka kuwa "livre" na "livres" hutamkwa sawa. Ile "s" ya mwisho ni ya macho tu. Mtu akisema "se livre", Mfaransa anasikia "ces livres", vitabu hivi. Katika Kiswahili wingi umetapakaa sentensi nzima: vitabu hivi vyangu vimechanika. Ukikosea mahali pamoja, pengine panakurekebishia. Katika Kifaransa cha kusemwa, mara nyingi ni hilo neno dogo la mbele pekee linalomwambia msikilizaji kama ni kimoja au vingi. Kwa hiyo izoeze "ce" hadi ikae. Sema "ce sac, ces sacs, ce stylo, ces stylos", ukikusanya midomo kwenye "ce" na kuitanua kwenye "ces".

"Ces" ikikutana na irabu, "s" yake inaamka na kuwa "z": "ces amis" husikika "sezami", "ces hommes" husikika "sezom", "ces écoles" husikika "sezekol". Muungano huo ni wa lazima, si pambo.

Sikio hudanganya kwenye "cet" na "cette". Kwa kuwa zinafanana, ukisikia "set otel" huwezi kujua hoteli ni ya kiume au ya kike. Wengi hudhani kila "set" ni "cette", wakaandika "cette hôtel", "cette avion", "cette été". Wafaransa wenyewe huteleza hapo, maana sikio haliwaambii kitu. Dawa ni kutojifunza nomino za irabu kwa "l'", kwa sababu "l'" inaficha jinsia vilevile. Zijifunze kwa "un" na "une": "un avion", "un hôtel", "un été", "un ordinateur", "un aéroport", "une école", "une église", "une adresse", "une orange", "une image". Daftari linaloandika "l'avion: ndege" litakusaliti siku ya kuandika. Linaloandika "un avion: ndege" limekuhifadhia "cet".

Kuna kundi jingine la sauti linalowatesa hata watoto wa shule wa Ufaransa: "ces", "ses", "c'est", "s'est". Hapa msemaji wa Kiswahili ana silaha kali. Kwetu maana hizo nne hazifanani hata chembe. Ukitaka kuandika, jiulize ungesemaje nyumbani. Ni "funguo hizi"? Andika "ces clés". Ni "funguo zake"? Andika "ses clés". Ni "ni", kama katika "ni funguo"? Andika "c'est", au "ce sont" kwa wingi. Ni kitendo cha mtu kujifanyia, kama "amejificha"? Andika "il s'est caché". Njia hiyo hiyo inatenganisha "ce" na "se": "ce" ya kuonesha hukaa mbele ya nomino, "se" hukaa mbele ya kitenzi, kama katika "se laver", kujiosha.

Jinsia isiyotazama kiumbe

Katika Kiswahili, chenye uhai huvuta upatanisho wake. Kiongozi ana "ki-" lakini ni huyu. Kipofu ni huyu. Kijana ni huyu. Kifaransa hakifanyi hivyo. "Personne" ni nomino ya kike, basi mwanamume mwenye ndevu ni "cette personne", na vivumishi vyote vinavyofuata vitakuwa vya kike: "Cette personne est venue hier." "Victime" (mwathirika) ni ya kike daima, "cette victime", awe baba au mama. Kwa upande wa pili, mtoto mchanga wa kike ni "ce bébé". Usitafute mantiki ya maumbile. Itafute jinsia ndani ya neno.

Miisho ya maneno husaidia. Nomino zinazoishia "-tion", "-ette", "-ance", "-ence" na "-ure" kwa kawaida ni za kike: "cette question", "cette assiette", "cette chance", "cette différence", "cette voiture". Zinazoishia "-ment", "-age", "-isme" na "-oir" kwa kawaida ni za kiume: "ce document", "ce voyage", "ce tourisme", "ce couloir". Zipo zinazokaidi, nazo ni za matumizi ya kila siku, kwa hiyo zikariri mapema: "cette page", "cette plage", "cette image", na upande wa kiume "ce silence".

Idadi nayo haifuati Kiswahili. Jikoni ndipo hili linapoonekana wazi. Maji haya ni wingi kwetu. Kwa Kifaransa ni umoja wa kike, "cette eau". Maziwa haya ni "ce lait". Mafuta haya ni "cette huile". Pesa hizi ni "cet argent". Toka jikoni ingia chumbani, mambo yanageuka: mkasi huu mmoja ni "ces ciseaux", miwani hii moja ni "ces lunettes", ilhali suruali hii ni "ce pantalon". Ukitafsiri "haya" kwa "ces" bila kuuliza nomino, utasema "ces eaux" ukiwa na glasi moja mkononi.

Umbali: lini useme, lini uache

Kifaransa kiliwahi kuwa na umbali ndani ya vioneshi vyake. Kifaransa cha kale kilikuwa na "cist" kwa kilicho karibu na "cil" kwa kilicho mbali, maneno yaliyotokana na Kilatini. Kadiri karne zilivyopita, yakagawana kazi kwa namna nyingine: ukoo wa "cist" ukatoa "cet", "cette" na "ces" zinazokaa na nomino, na ukoo wa "cil" ukatoa "celui", "celle" na "ceux" zinazosimama badala ya nomino. Umbali ukapotea. Ulipohitajika, ukaongezwa nyuma ya nomino kwa vijineno viwili: "-ci", iliyofupishwa kutoka "ici" (hapa), na "-là" (pale).

Huungwa na nomino kwa kistari: "ce livre-ci", kitabu hiki, "ce livre-là", kitabu kile. "Là" ina alama juu ya "a". Bila alama hiyo ni "la", neno jingine kabisa. Hutumika hasa pale vitu viwili vinaposhindana. Ofisa anazigawa karatasi mafungu mawili: "Ces documents-ci sont pour la douane, ces documents-là restent avec vous." Hapo bila "-ci" na "-là" dereva hataelewa zipi aache na zipi achukue. Lakini kama fungu ni moja, "Signez ces documents" inatosha, na kuongeza "-ci" kunaifanya sentensi iwe nzito.

Katika mazungumzo ya kila siku, "-là" imeimeza "-ci" kwa sehemu kubwa. Muuzaji wa nguo mwenye gauni mkononi anaweza kukuuliza "Cette robe-là ?" ingawa gauni liko mbele ya pua yako. Usidhani amekosea. "-ci" imebaki zaidi kwenye maandishi na kwenye semi za wakati.

Na wakati ndio uwanja ambapo "-là" ina kazi isiyokwepeka. "Ce matin" ni leo asubuhi, "ce soir" ni leo jioni, "cet après-midi" ni leo mchana baada ya saa sita, "cette semaine" ni wiki hii, "cette année" ni mwaka huu, "cet été" ni kiangazi hiki. Vyote vimefungwa kwenye sasa ya msemaji. Ukisimulia jambo la zamani, lazima uvifungue kwa "-là": "ce matin-là" ni asubuhi ile, "ce soir-là" jioni ile, "à ce moment-là" wakati ule, "cette année-là" mwaka ule. Anayesimulia mazishi ya babu yake ya miaka kumi iliyopita akasema "ce soir, il a plu" amewaambia wasikilizaji kuwa mvua imenyesha leo jioni. Kiswahili kinatofautisha "leo jioni" na "jioni ile" bila tabu. Kazi ni kukumbuka kwamba ile "-le" ya simulizi ndiyo hasa inayodai "-là".

"Cette nuit" inahitaji uangalifu wa pekee, kwani hutazama pande mbili. "Cette nuit, j'ai mal dormi" ni usiku wa kuamkia leo. "Cette nuit, il va pleuvoir" ni usiku wa leo unaokuja. Kitenzi ndicho kinachoamua. Semi nyingine za wakati zishike nzima kama zilivyo: "ces jours-ci" (siku hizi), "ce mois-ci" (mwezi huu), "cette fois-ci" (safari hii), "en ce moment" (kwa sasa), "à ce jour" (hadi leo, hasa kwenye barua rasmi), "un de ces jours" (siku moja huko mbele).

Tabia za Kiswahili za kuacha mlangoni

Kiswahili hakina neno la kazi ya "le" na "la", kwa hiyo "yule" na "ile" hufanya kazi hiyo pia. Tunaposema "yule mwanamke uliyemwona jana ni dada yangu", hatuoneshi mtu kwa kidole, tunamtambulisha. Kifaransa hapo hutumia "la": "La femme que tu as vue hier est ma sœur." Ukiweka "cette femme-là" utasikika kama unayemtenga na wanawake wengine waliopo. Kanuni ya matumizi: "yule", "kile" au "ile" ikifuatiwa na kirejeshi, kama "uliyemwona", "nilichonunua", "waliyoijenga", jaribu kwanza "le", "la" au "les".

Vioneshi vya "-o", yaani "huyo", "hicho", "hilo", vinavyorejelea kilichotajwa, hupatana vizuri na "ce" tupu. "Nilinunua kitabu. Kitabu hicho kimechanika" inakuwa "J'ai acheté un livre. Ce livre est déchiré." Hakuna haja ya "-ci" wala "-là".

Tunaweza kusema "kitabu changu hiki" na "rafiki yangu huyu". Kifaransa hakiruhusu kioneshi na kimilikishi kukaa pamoja mbele ya nomino. "Ce mon livre" haipo. Chagua kimoja, au sema "ce livre est à moi", au kwa mazungumzo ya kawaida "cet ami à moi".

Mpangilio nao hugeuka. Kwetu nomino huongoza: watoto hawa watatu, watu hawa wote, maji haya yote. Kwa Kifaransa nomino huja mwisho: "ces trois enfants", "tous ces gens", "toute cette eau". "Tout" hutangulia hata kioneshi, na kwa wingi ndiko jinsia inakorudi: "tous ces livres" lakini "toutes ces chaussures".

Mwisho, kioneshi kikisimama bila nomino, si kivumishi tena, na "ce" na "cette" hazifai. "Hiki ni kitabu" ni "C'est un livre". Dukani, ukitaka kusema "nataka hii" ukiwa mbele ya mashati (chemise, ya kike), ni "Je veux celle-ci". Mbele ya magunia (sac, ya kiume), ni "celui-ci". Usipojua jina la kitu, nyoosha kidole useme "ça". Hakuna atakayekulaumu.

Adabu

Mbele ya mtu mzima usiyemjua, usimtaje kwa "cet homme" au "cette femme" yeye akisikia. Ni maneno ya ripoti ya polisi. Sema "ce monsieur" na "cette dame": "Ce monsieur était avant moi", bwana huyu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Mhudumu wa mkahawa atakwenda mbali zaidi na kuuliza "Et pour ces messieurs ?" akiwaongelesha wateja walioketi mbele yake. Kumtaja mtu aliyepo kwa "celui-là" au "celle-là" peke yake ni dharau ya wazi. Na mzee wetu tunayemwita kwa heshima "mzee huyu" asigeuzwe "ce vieux" mbele ya Mfaransa wa Ulaya, kwani atasikia kejeli. Sema "ce monsieur" au "ce vieux monsieur". Katika miji mingi ya Kiafrika inayosema Kifaransa, "le vieux" huweza kuwa la heshima, ila mgeni afadhali aanze na lililo salama.

Jipime

Funika majibu kwa kiganja, kisha geuza sentensi hizi.

"Mti huu ni mzuri." Ni "Cet arbre est beau." Ongeza "mzee": "Ce vieil arbre est beau."

"Nimenunua viatu hivi leo asubuhi." Ni "J'ai acheté ces chaussures ce matin."

"Amepoteza funguo zake, lakini funguo hizi ni zangu." Ni "Il a perdu ses clés, mais ces clés sont à moi."

"Usiku ule bwana huyo na mkewe walilala katika hoteli hii." Ni "Cette nuit-là, ce monsieur et sa femme ont dormi dans cet hôtel." Kama umeandika "cette hôtel", rudi kwenye daftari na uandike "un hôtel".

"Watu hawa wote wanasubiri basi lile lile." Ni "Tous ces gens attendent le même bus." Kiswahili hurudia kioneshi kuonesha kuwa kitu hakijabadilika: lile lile, yule yule, pale pale. Kifaransa hakirudii, kinatumia "même" pamoja na "le", "la" au "les". Gari lile lile ni "la même voiture", watu wale wale ni "les mêmes personnes", siku ile ile ni "le même jour".